Mkono Juu ya Tumbo: Historia Fupi ya Kukandwa Mimba

Katika vikao vyetu vya vijana kuna swali ambalo haliulizwi mbele ya watu. Linakuja mwishoni, wakati viti vinakusanywa, kwa sauti ya chini: mwenye mimba akikandwa tumbo, ni vibaya? Wahamasishaji wa afya wana jibu fupi, usikandwe. Koko zetu nao wana jibu fupi, sisi wote tulikandwa na ninyi mko hapa mnaongea. Ukisikiliza vizuri, majibu yote mawili yanamfunga mdomo yule aliyeuliza. Anarudi nyumbani, anakandwa, halafu kliniki hasemi.

Mimi si daktari wala muuguzi. Nimemaliza sekondari hapa hapa kambini na kazi yangu ni vijana. Lakini historia naipenda, na swali hili nimelifuata nyuma mpaka mbali, mpaka Ulaya na kurudi. Naandika nilichokikuta.

Tuanze na maneno, maana hata hapa tunagombana kwa sababu ya neno moja. Mtanzania akisema "kukanda" mara nyingi anamfikiria mzazi aliyekwisha jifungua: maji ya moto, kitambaa, tumbo linakandwa ili damu itoke. Sisi tuliotoka Fizi na Uvira tukisema kukanda, tunaweza kuwa tunasema mimba ya miezi saba, mafuta ya mawese mkononi, na koko anayetafuta kichwa cha mtoto. Watu wa pwani wana kusinga, yaani kumpaka na kumsugua mtu kwa manukato. Na kuchua tunakujua wote, ni kwa msuli uliokaza baada ya kubeba kuni. Basi muuguzi akisimama mbele ya akina mama hamsini wa makabila kumi na kusema "msikande", kila mmoja anasikia la kwake. Mwingine anadhani hata mgongo wake usiguswe. Mwingine anadhani yanasemwa maji ya moto, kwa hiyo tumbo la miezi saba halimo.

Koko wangu, mama wa mama yangu, alikuwa mzalishaji kijijini upande wa Fizi kabla ya vita. Nilimwomba anieleze kazi yake hatua kwa hatua, na akanieleza kama fundi anavyoeleza. Mama anakwenda kwanza kukojoa. Analala chali juu ya mkeka, magoti ameyakunja. Mafuta yanapashwa moto kidogo. Mikono inaanzia juu ya tumbo, inauliza nini kiko pale. Halafu pembeni, huku na huku, kutafuta mgongo. Halafu chini. "Kichwa iko kigumu, ukikigusa kinarukaruka," aliniambia. "Matako ni malaini, hayaruki." Kama kichwa kiko juu, au mtoto amelala mubaya, yaani kimkingamo, ndipo anaanza kumsukuma polepole mpaka ageuke.

Sasa nenda Ujerumani. Mwaka 1894 daktari mmoja wa Dresden, Christian Gerhard Leopold, pamoja na mwenzake Spörlin, waliandika namna nne za kushika tumbo la mwenye mimba ili kujua mtoto amekaaje. (Huyu Leopold asichanganywe na mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ambaye sisi Wakongo tuna habari zake nyingine.) Mama anakojoa kwanza. Analala chali, magoti amekunja. Mikono inaanzia juu, inakwenda pembeni kutafuta mgongo, inashuka chini. Kichwa ni kigumu na kinarukaruka, makalio ni laini. Namna hizi nne ndizo wakunga wanafundishwa mpaka leo shuleni, na ndizo anazofanya muuguzi wetu kliniki kila asubuhi. Niliposoma hayo nilimsomea koko kwa kumtafsiria. Hakushangaa hata kidogo. Alisema huyo Mzungu alifundishwa vizuri.

Kabla ya Leopold kulikuwa na Justus Heinrich Wigand, ambaye mwaka 1807 alieleza namna ya kumgeuza mtoto kwa mikono ukiwa nje ya tumbo. Na baada yake Mfaransa Adolphe Pinard, aliyeandika mwaka 1878 kitabu kizima juu ya kupapasa tumbo la mimba na kumgeuza mtoto kwa nje. Pinard mnamfahamu bila kumjua. Kile kipembe cha mbao au cha aluminiamu ambacho muuguzi anaweka juu ya tumbo, anainama, anafunga macho na kusikiliza moyo wa mtoto, ni chake, alikitengeneza mwaka 1895. Mwaka huohuo alionyesha pia kwamba wanawake maskini wa Paris waliopata nyumba ya kupumzikia miezi ya mwisho walizaa watoto wazito kuliko wale waliofanya kazi mpaka siku ya uchungu. Wanaopanga foleni za maji na za mgao wangefaa kulisoma hilo.

Kwa hiyo kumgeuza mtoto kwa mikono si ushamba wa koko. Hata hospitali kubwa za Ulaya wanafanya. Ila angalieni wanavyofanya siku hizi. Wanangoja mpaka wiki ya 36 au 37. Wanaangalia kwanza kwa mashine ya picha: kondo la nyuma limekaa wapi, maji yanatosha, mtoto ni mmoja au ni mapacha. Wanasikiliza moyo wa mtoto kabla na baada. Mara nyingi wanampa mama dawa ya kulegeza mfuko wa uzazi. Na wanafanya mahali ambapo chumba cha upasuaji kiko karibu na kiko tayari, kwa sababu karibu mama 1 kati ya 200 atahitaji kupasuliwa haraka baada ya kugeuziwa mtoto. Pamoja na yote hayo, wanafanikiwa kama nusu tu ya mara.

Hapo kuna kitendawili. Daktari mwenye mashine anafanikiwa nusu, koko anasema yeye anafanikiwa karibu mara zote. Nani mwongo? Hakuna. Jibu liko kwenye miezi. Katika wiki ya 28, yaani miezi saba kasoro, watoto zaidi ya 20 kati ya 100 wametanguliza makalio. Wakifika muda wa kuzaliwa wanabaki 3 au 4 tu kati ya 100. Wengine wote wamegeuka wenyewe, bila mkono wa mtu, kwa kuwa mtoto anakua, kichwa kinakuwa kizito na nafasi inapungua. Koko anakanda mimba ya miezi saba, anakuta kichwa kiko juu, anasukuma, na baada ya wiki mbili kichwa kiko chini. Amekiona kwa macho yake na kukigusa kwa mikono yake. Mama naye ni shahidi. Daktari anaanza na wale wachache waliokataa kugeuka wenyewe, ambao ndio wagumu. Hili nimelieleza kwenye vikao mara nyingi, nikitumia mawe kwenye meza, mawe 100, na kila mara kuna mtu anakaa kimya muda mrefu.

Hatari sasa. Mfuko wa uzazi si msuli wa paja. Ndani yake kuna kondo limejishikiza ukutani, na likisukumwa kwa nguvu linaweza kubanduka kabla ya wakati. Damu inatoka, wakati mwingine nje, wakati mwingine inabaki ndani, mama anasikia tumbo limekuwa gumu kama ubao na maumivu hayaachi. Mtoto anaweza kufa kwa muda mfupi, na mama pia. Mama aliyewahi kupasuliwa ana kovu, na kovu linaweza kuachia. Kondo lililokaa chini, karibu na mlango wa kizazi, linaweza kumwaga damu nyingi. Mkono wa koko, hata ukiwa mzuri namna gani, hauwezi kujua kondo limekaa wapi. Hapo ndipo mashine inapomshinda, na hakuna aibu yoyote.

Kuna na jambo la damu. Mwaka 1940 Landsteiner na Wiener walieleza alama ya damu inayoitwa Rh. Mama mwenye Rh hasi aliyebeba mtoto mwenye Rh chanya, damu zao zikichanganyika kwa kusukumwa tumbo, mwili wake unaweza kujifunza kupigana na damu ya mtoto, na wa mimba ijayo ndiye anayeumia. Dawa ya kuzuia hilo ipo tangu 1968. Kwetu Waafrika wenye Rh hasi ni wachache kuliko Ulaya, lakini wapo. Ndiyo maana kliniki wanapima kundi la damu, na kadi si ya kufungia sukari.

Nisingependa mtu asome hapa akadhani hospitali ndiyo imekuwa safi siku zote. Mwaka 1867 daktari wa Berlin, Samuel Kristeller, alitangaza namna ya kusukuma sehemu ya juu ya tumbo ili mtoto atoke haraka wakati wa uchungu. Njia hiyo ikaenea dunia nzima, ikatumika na madaktari na wakunga wenye vyeti, wengine wakitumia kiwiko, wengine karibu wapande kitandani. Shirika la Afya Duniani, kwenye miongozo yake ya uzazi ya mwaka 2018, halipendekezi kusukuma tumbo hivyo. Ni zaidi ya miaka 150 tangu Kristeller. Akina mama wazima wanaweza kukuambia walisukumwa tumbo leba na watu wenye makoti meupe, kisha makoti hayohayo yakawagombeza kwa kukandwa na koko. Wasipoamini haraka, tuwaelewe.

Na kutoamini huko kuna historia yake Kongo. Ubelgiji ulipochukua nchi mwaka 1908 ulikuta watu wamepungua kwa kazi za kulazimishwa na magonjwa, na serikali na makampuni wakaanza kuwa na wasiwasi: nani atafanya kazi? Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière huko Katanga ikaanza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake zao, ikajenga materniti na kliniki za kupima watoto. Neno kambi, mnaona, halikuanza na sisi. Kule Yakusu, karibu na Kisangani, wamisionari Wabatisti kutoka Uingereza walikuwa na hospitali na kuwafundisha wakunga. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt ameandika juu ya uzazi wa hapo, kitabu kilitoka 1999, na anaonyesha jinsi watu walivyochanganya ya hospitali na ya kwao badala ya kuacha moja na kushika nyingine. Materniti zilikuwa na faida, hilo sikatai. Lakini zilikuja pamoja na mzungu wa kampuni aliyehesabu matumbo. Mama akijifunza kunyamaza mbele ya mtu wa namna hiyo, binti yake anajifunza pia.

Baadaye dunia ikabadilika mawazo kuhusu watu kama koko, tena ikabadilika, tena ikabadilika. Septemba 1978, mkutano wa Alma-Ata, huko ambako leo ni Kazakhstan, ulisema waganga na wakunga wa jadi waingizwe kwenye huduma ya afya ya msingi pale wanapohitajika, wakifundishwa. Ndipo mafunzo yakaja mpaka vijijini. Koko alipata ya kwake, siku chache tu, na boksi lenye wembe, sabuni, uzi wa kufungia kitovu. Boksi lilibaki ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1987 Nairobi ulifanyika mkutano wa uzazi salama, na wakunga wa jadi walikuwa bado na nafasi. Miaka 10 baadaye, 1997, huko Colombo, Sri Lanka, upepo ukageuka: fedha ziende kwa wakunga waliosomea, maana mafunzo mafupi hayamsaidii koko kuzuia damu inayomwagika wala kupasua. Mwaka 2007 Malawi ikawapiga marufuku kabisa wakunga wa jadi wasizalishe, na mwaka 2010 rais wake mwenyewe akalegeza. Hiyo tu inatosha kuonyesha kwamba hata wakubwa walikuwa wanapapasa.

Mimi kwenye hili nina upande. Kuzaa, mama aende kituoni, kwa mkunga aliyesomea, na koko mwenyewe ananiunga mkono, kwa sababu amezika. Lakini kumtoa koko kwenye kuzalisha ni kitu kimoja, kumtoa kwenye maisha ya mwenye mimba ni kitu kingine. Muuguzi ana dakika chache na foleni ndefu. Koko ana jioni nzima.

Halafu tukaja huku. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, karibu watu 250,000 kutoka Rwanda walivuka kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco ikawa mji. Katika watu wengi namna hiyo wenye mimba ni maelfu, na wengine uchungu unawashika njiani. Hadi wakati ule misaada ilikuwa maji, chakula, chanjo, hema. Mwaka huohuo Septemba, mkutano wa Cairo ulisema wazi kwamba wakimbizi nao wana haki ya huduma ya uzazi, na kutoka hapo ukatengenezwa mpango wa mambo ya lazima ya kufanya mwanzoni kabisa mwa dharura: vifaa safi vya kuzalia, njia ya kumpeleka mama hospitali usiku na mchana, matibabu kwa waliobakwa. Mwaka 1996 vita vilipoingia Uvira na Fizi, wazazi wetu walivuka Tanganyika kwa mitumbwi na boti mpaka Kigoma, na Nyarugusu ikafunguliwa. Wengine walizaliwa ndani ya boti. Nani aliwazalisha? Koko fulani. Hakuna kadi, hakuna boksi, mikono tu.

Kwa hiyo kambini koko alifika na heshima, akakuta materniti iko wazi na haimhitaji. Kazi ya kuzalisha ikaisha. Iliyobaki mikononi mwake ni kukanda, na anaing'ang'ania. Hili sijalisoma popote, nimeliona. Na wasichana nao wana sababu yao: wanaogopa kupasuliwa. Uvumi unasema ukifika materniti na mtoto amekaa vibaya unapasuliwa tu, halafu utabeba maji vipi na tumbo la nyuzi, na utazaa wangapi. Anakwenda kwa koko mapema ili mtoto "atengenezwe" kabla kliniki haijajua. Yaani anakandwa kwa ajili ya kukimbia kisu, na kukandwa kwa nguvu kunaweza kuwa ndiko kunakompeleka kwenye kisu, tena usiku, akiwa na damu kidogo mwilini.

Najua habari ya dada mmoja aliyefika kituoni anavuja damu na tumbo gumu, akaulizwa kama ameanguka, akasema hapana. Ameguswa na mtu? Hapana. Alikuwa amekandwa siku ile ile. Kwenye ziara ya nyuma aligombezwa mbele ya foleni kwa sababu ya mafuta tumboni, basi safari hii aliyafuta kwa kanga kabla ya kutoka nyumbani. Yeye alipona, mtoto hakupona. Siwezi kusema kama angesema mapema mtoto angeishi. Ninachosema ni kwamba yale mafuta yaliyofutwa yalikuwa habari ambayo muuguzi aliihitaji.

Wafanyakazi wa mashirika wanaosoma hapa, ombi langu ni dogo. Badala ya "mnakandwa bado?", ulizeni kama mnavyouliza amekula nini: umekandwa lini, wapi, kwa nguvu au polepole, ulisikia nini baadaye. Mwiteni koko aje na mama kliniki, mwache apapase chini ya macho ya mkunga, mwonyesheni kondo kwenye picha pale mashine inapokuwepo. Miongozo ya 2016 inataka mama aonane na wahudumu mara 8, kabla ilikuwa 4. Zile mara 4 zilizoongezeka, mara moja tu iwe na koko pembeni.

Na ninyi mnaouliza viti vinapokusanywa, jibu langu ni hili, nimeliuliza kwa wakunga waliosomea kabla ya kuliandika. Mgongo, mabega, shingo, miguu na nyayo kuchuliwa polepole kwa mafuta, kwa mimba inayoendelea vizuri, hakuna ubaya, na kunapunguza maumivu na kuleta usingizi. Ulale ubavu, wa kushoto ni mzuri zaidi, maana mimba ikiwa kubwa ukilala chali muda mrefu tumbo linabana mshipa mkubwa wa damu na unaweza kusikia kizunguzungu. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, usiuchue, nenda kituoni, inaweza kuwa damu iliyoganda. Uso na mikono vikivimba na kichwa kikauma sana au macho yakaona nyota, hiyo si ya mafuta wala ya koko, ni dalili ya kifafa cha mimba, nenda sasa hivi. Tumbo linaweza kupakwa mafuta kwa kiganja chepesi kama unavyompaka mtoto mchanga. Kusukuma, kuminya, kuvuta, kugeuza, hapana. Na kama tayari umesukumwa, ukaona damu, maji, tumbo gumu, au mtoto ameacha kucheza, nenda na useme ukweli wote.

Kwa aliyekwisha jifungua: mfuko wa uzazi unarudi wenyewe, na kunyonyesha kunausaidia. Maji ya moto sana yameshawaunguza wengi, na juu ya mshono wa upasuaji yasiguse kabisa. Damu ikizidi ndipo mkunga atakanda tumbo mwenyewe, kwa sababu yake na pamoja na dawa.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa kiume, mke wake ana miezi sita, aliuliza kama na mwanaume anaruhusiwa kumchua mke mgongo, au ni kazi ya wanawake tu. Wenzake walicheka. Koko mmoja aliyekuwa amekaa mlangoni akimngoja mjukuu wake akamwita aje, akamgeuza, akamwonyesha kwenye mgongo wake mwenyewe: hapa juu ya kiuno, kwa kiganja, si kwa vidole, na kucha ukate.